Mfupa na Mahali Pake: Uchimbaji wa Pango la Kents

Mtu akileta mfupa wa kale makumbusho, hutaka kujua ni wa mnyama gani. Mimi humtangulia kwa kuuliza: umeutoa wapi hasa, na ulikuwa kina gani? Uzito wa swali hilo unaonekana wazi katika Pango la Kents, mjini Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Miaka ya 1820 padri John MacEnery alichimba humo akakuta zana za gumegume, jiwe gumu lililochongwa na watu, zimelala pamoja na mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Maana yake ilikuwa nzito: binadamu aliishi zama moja na mamothi, tembo wa kale wenye manyoya. Wakubwa wa elimu wakakataa, wakisema watu wa baadaye walitoboa sakafu na kuziacha zana zao humo. MacEnery alifariki mwaka 1841 kabla ya kuchapisha kazi yake.

Mwaka 1865, enzi ya Malkia Victoria, mwalimu William Pengelly akaanza upya. Alivuta mstari wa kupimia, akaligawa pango vipande vya yadi 1 kwa urefu, futi 1 kwa upana na futi 1 kwenda chini. Udongo wa kila kipande ulikaguliwa palepale kwa mwanga wa mshumaa, kisha ukabebwa hadi mlangoni ukapekuliwa tena juani. Kilichopatikana kilitiwa kisandukuni pamoja na namba yake. Kazi hiyo ya subira ilidumu miaka 15, hadi Juni 1880.

Sakafu ilikuwa chokaa iliyodondoka na maji tone kwa tone ikaganda kuwa mwamba, mahali pengine unene wake ukizidi futi 5. Juu yake mgeni mmoja alikuwa amechonga jina lake na mwaka 1688; karibu karne mbili baadaye, chokaa iliyoota juu ya herufi hizo ilikuwa utando mwembamba tu, na jina bado lilisomeka. Linganisha utando huo na futi 5!

Chini ya mwamba huo, usiotobolewa, udongo mwekundu ulitoa mifupa ya mamothi, vifaru wenye manyoya, dubu na fisi wengi, jamaa wa karibu kabisa wa fisi madoa wetu. Mifupa mingi ina alama za meno ya fisi hao, kwa kuwa pango lilikuwa maskani yao. Na humohumo zilikuwamo zana za gumegume.

MacEnery alikuwa ameokota pia meno ya paka mkubwa mwenye chonge zilizopinda kama jambia, na wapo waliotilia shaka kama kweli yalitoka pangoni humo. Mwaka 1872 mafundi wa Pengelly walipata jino jingine la mnyama huyohuyo. Hilo lilikuwa na mstari wake, kina chake na yadi yake.