Pleya saba, video moja haichezi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu kutoka Mikindani alishusha dekstopu yake kwenye bajaji mbele ya kibanda changu cha kutengeneza kompyuta hapa Chikongola, Mtwara.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine imekataa kunionyesha harusi ya mjukuu wangu. Kila kitu nimeshaiwekea."

Nikaiwasha. Zilipita dakika nne ndipo ikatulia, na kwenye kioo nikahesabu pleya saba, yaani programu za kuchezea video. Saba! Juu yake kulikuwa na vifurushi viwili vya kodeki (vile vifumuaji vya video iliyobanwa), antivairasi mbili zinazogombania mashine moja, na kidude kinachojiita kiongeza kasi ambacho kazi yake ilikuwa kufungua matangazo. Harusi yenyewe ilikuwa palepale: sauti inakwenda, picha inaganda, inaruka, inaganda tena.

"Video ikikwama, ongeza pleya nyingine." Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote. Msimu wa korosho ukifunguliwa na watu wakinunua laptopu za mtumba, siku haipiti bila kuisikia. Aliyeieneza mjini hapa simjui. Siku nikimjua, foleni yangu ya Jumatatu ni yake.

Pleya moja nzuri inatosha. Mimi naweka VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, basi. Ilianzia 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na tangu 2001 ni programu huria. Haikudai hela, haikuletei matangazo, na kodeki zake imezibeba yenyewe tumboni, kwa hiyo ukishaiweka, vifurushi vya kodeki havina kazi. Toleo la 3, la mwaka 2018, linaingia hata kwenye Windows XP yenye Service Pack 3. Ikiwa VLC inacheza faili kwa kukwamakwama, kwa kawaida hizo nyingine sita nazo zitakwama, maana kilichoshindwa si pleya.

Kilichoshindwa ni nini? MP4 unayoiona mwishoni mwa jina la faili ni kapu tu. AVI ni kapu, MKV ni kapu. Ndani ya kapu picha zimebanwa kwa mtindo fulani, na huo mtindo ndio unaotesa mashine. Kuna H.264 ya mwaka 2003, ambayo kompyuta nyingi za zamani zinaimudu. Kuna H.265 ya mwaka 2013, wengine huiita HEVC, ambayo inabana kiasi kwamba faili linakaribia kuwa nusu kwa ubora uleule. Simu za siku hizi zinaipenda kwa sababu inaokoa nafasi. Ila kilichobanwa sana kinataka nguvu kukifumua. Prosesa za Intel tangu kizazi cha sita, zile za 2015, zina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Mashine ya mwalimu ni Core 2 Duo, prosesa ya zamani kuliko hizo, haina. Ni sawa na kubangua korosho kwa mkono huku jirani yako ana mashine: utabangua, lakini humfikii.

Na huyo aliyerekodi harusi alirekodi kwa 4K. Picha moja ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, na zinapita picha kama 30 kila sekunde. Kioo cha mwalimu ni kile cha mraba cha inchi 17, nukta 1280 kwa 1024, hata milioni moja na nusu hazifiki. Mashine ilikuwa inatoka jasho kufumua nukta ambazo kioo hakina pa kuziweka!

Kabla hujapakua chochote, fanya hivi. Fungua video kwenye VLC, bonyeza Ctrl na J. Kitatokea kidirisha chenye mstari wa kodeki. Soma kama ni H264 au HEVC. Kisha, video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame CPU, yaani asilimia ya nguvu ya prosesa inayotumika. Ikiwa imeng'ang'ania karibu na 100, mwache pleya wa watu.

Nililichukua lile faili nikaligeuza kwenye mashine yangu kwa HandBrake, nayo ni ya bure: likawa H.264, ukubwa wa 720p, ambao una nukta mara tisa pungufu ya 4K. Kwenye dekstopu nikafuta pleya sita, vifurushi vyote, antivairasi moja na kile kidude. Halafu nikafungua kasha. Wenzangu hunicheka kwamba mteja akija na tatizo la programu mimi naanza kutafuta brashi. Wacheke. Feni ya mwalimu ilikuwa imeota manyoya ya vumbi, na huku kwetu pwani vumbi linashikana na unyevu wa chumvi mpaka unalikwangua. Prosesa ikichemka inajipunguza kasi yenyewe, na hapo hata hiyo nguvu ndogo uliyo nayo inapotea. Brashi, pampu ya hewa, tone jipya la grisi ya prosesa. Mwalimu akavuta kigoda, akatazama harusi mpaka keki inakatwa, na wateja wawili nyuma yake wakamsubiri amalize.

Mjukuu mwenyewe nikampigia: aingie kwenye mipangilio ya kamera ya simu, kwenye ubora wa video, achague H.264 na ashushe kutoka 4K. Nusu ya kazi zangu za video zingeisha kwa hatua hiyo moja.

Kuongeza ongeza pleya kuna ubaya mwingine, nao si wa kuchekesha. Ukikutana na ujumbe kwamba "ili uone video hii unahitaji kodeki", funga ukurasa. Huo mtego una miaka karibu ishirini na bado unanasa. Mwenzake ni faili linaloitwa muvi.mp4.exe. Windows kwa kawaida inaficha mkia wa mwisho wa jina, wewe unaona muvi.mp4 tu, unabofya, na umeshaendesha programu ya mtu. Hizi zinakuja kwenye flashi zilizozunguka vibanda vyote vya kujaza muvi zilizotafsiriwa. Nenda kwenye mipangilio ya folda, uondoe tiki inayoficha mikia ya majina. Na utumie akili ya kawaida: muvi ya saa mbili haiwezi kuwa na KB 900.

"Faili la MKV libadilishe jina liwe MP4, litacheza." Bandika lebo ya sukari kwenye gunia la chumvi, kisha upike chai.

"PDF haifunguki bila Adobe." Adobe ndio walioileta mwaka 1993, sawa, lakini tangu 2008 PDF ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na yeyote anaweza kutengeneza kisomaji chake. Dada mmoja wa Ligula alikuja akihema, majina ya walioitwa kwenye usaili yametoka, PDF haifunguki, na bando lake limeishia kwenye kupakua Adobe ya mamia ya MB kwenye laptopu yenye RAM ya GB 2. Nikamwekea SumatraPDF, ya MB chache tu. Orodha ilifunguka kabla hajakaa kitini. Kwa XP chukua toleo la 3.1.2, kuanzia Windows 7 chukua la sasa. Na kama una Chrome, Firefox au Edge, tayari una kisomaji cha PDF: kokota faili ulidondoshe humo. Adobe naiacha kwa wenye fomu za kujaza na saini za kidijitali, hapo bado inastahili uzito wake.

"Hati za Word zinataka Office, na Office ni ya kraki." Hapana, na hiyo kraki, yaani Office iliyovunjwa kufuli, ndiyo iliyoleta vile virusi unavyonilipa kuviondoa. LibreOffice ni ya bure na inafungua docx, ule mtindo uliokuja na Office 2007. Sitakudanganya: jedwali lenye mbwembwe nyingi linaweza kusogea kidogo, na fonti usiyo nayo itabadilishwa na nyingine. Kwa kusoma barua ya shule na kuichapa, inatosha sana. Angalia tu toleo: kuanzia 25.8 haipokei tena Windows 7 wala 8, na kwa XP mwisho ni mfululizo wa 5.4.

Hapo ndipo inapoingia ile ya "chukua toleo jipya kuliko yote". Jipya limetengenezewa mashine mpya. Kabla ya kupakua, bofya kulia kwenye alama ya kompyuta, fungua Properties, usome mambo mawili: Windows yako ni ipi, na ni ya biti 32 au 64. Programu ya biti 64 haiingii kabisa kwenye Windows ya biti 32, hata uirudie mara kumi. Ya 32 kwenye 64 inaingia bila shida. Nimeona mtu amemaliza GB 2 za bando akipakua faili lilelile mara tatu akidhani limeharibika njiani.

"Basi nipigie Windows 11 yaishe." Kwa Core 2 Duo? Microsoft wenyewe wanataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0, kile kijisehemu cha usalama. Ni kweli Windows 7 iliachwa bila masasisho Januari 14, 2020 na Windows 10 Oktoba 14, 2025, kwa hiyo mambo ya benki na nywila usiyafanye kwenye mashine hizo. Kutazama harusi na kusoma PDF ni suala jingine. Ukitaka mfumo unaosasishwa na una walau RAM ya GB 4, nitakuwekea Linux Mint; VLC na LibreOffice zinakwenda humo vizuri tu.

Kibandani nina folda yenye VLC ya biti 32 na ya 64, Sumatra zote mbili, LibreOffice ya kila umri wa Windows, na HandBrake, zote nimezipakua kwenye tovuti za wenyewe. Kunakili ni bure. Njoo na flashi tupu tu, maana ile yenye muvi mpya siichomeki kwenye mashine yangu.