Huna uzoefu wa ofisini? Anza kwa kupima nyumba yenu

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, vijana waliomaliza kidato cha sita hunijia na swali moja: "Sijawahi kufanya kazi kwenye ofisi ya usanifu majengo, sasa nitaandika nini?" Wengine wamezunguka ofisi za mjini wakiomba wapokewe hata kwa wiki mbili, wakaambiwa hakuna nafasi. Mimi ni msanifu majengo na nimepitia kazi nyingi za waombaji. Wiki mbili za kutoa kopi na kubeba michoro ya watu wengine hazionyeshi kile ambacho msomaji wa maombi anakitafuta. Anamtafuta mtu aliyelitazama jengo, akajiuliza kwa nini liko hivyo, kisha akakaa chini na penseli.

Kwanza jua unaomba wapi. Ukiomba Chuo Kikuu Ardhi, pale Dar es Salaam, kinachotangulia ni ufaulu wako wa kidato cha sita. Potifolio, yaani mkusanyiko wa michoro na kazi zako, huja kuwa jambo kubwa unapoomba nje, kwa mfano Chuo Kikuu cha Cape Town au vyuo vingi vya Uingereza. Waombaji wa Uingereza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya huko, na kuanzia wanaoingia chuoni mwaka 2026, yale maelezo binafsi ya mtiririko mmoja yamegeuzwa kuwa maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya masomo umefanya nini kingine cha kujiandaa. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue 350. Hilo swali la tatu ndilo linalowatisha wasio na uzoefu wa kazi. Halipaswi kuwatisha, kwa sababu jibu lake mnaishi ndani yake.

Chukua futi, daftari na penseli, upime nyumba mnayoishi. Chumba kimoja kwanza. Pima kuta zote nne, halafu pima kutoka kona hadi kona, mara mbili, kwa mshazari. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, kuta zinazotazamana zikiwa sawa, chumba hakijakaa mraba, na tayari umegundua kitu ambacho huenda hata mwenye nyumba hakijui. Unene wa ukuta upime pale mlangoni. Pima dirisha linaanzia kimo gani kutoka sakafuni na linaishia wapi. Kisha chora ramani kwa skeli ya 1:50, yaani kila mita moja iwe sentimita mbili kwenye karatasi. Ukimaliza ramani, chora mkato: fikiria nyumba imekatwa kutoka paa hadi msingi, uonyeshe kenchi (mbao zinazobeba paa), dari, linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), sakafu, na ardhi ya nje iko juu au chini kiasi gani. Waombaji wengi hawagusi mkato. Ukiuona kwenye potifolio ya kijana wa miaka kumi na tisa, unasimama na kuutazama.

Halafu rudi kwenye ramani hiyo uweke watu. Mama anachambulia mchele wapi saa nne asubuhi, na kwa nini saa kumi jioni anahamia upande mwingine? Chora kivuli cha nyumba asubuhi, mchana na jioni. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, jua la mashariki na magharibi huingia likiwa chini, hivyo upenu wa paa peke yake haulizuii. Ndiyo maana chumba chenye dirisha la magharibi huwa tanuri usiku. Ukiliona hilo kwenu, ukalichora, kisha ukapendekeza badiliko moja dogo, kama vile kibaraza, mti, au kuhamisha dirisha, umeshafanya kazi ya usanifu. Pendekezo liwe dogo kweli. Anayebuni uwanja wa ndege kabla hajaielewa sebule ya kwao hanishawishi.

Mtaani kwenu hapakosi nyumba inayojengwa. Mwombe fundi mkuu ruhusa, msalimie vizuri, usiwe kikwazo, na uulize. Kwa nini linta imepita juu ya dirisha? Nondo zinafungwaje kabla zege halijamwagwa? Chora hatua kwa hatua unavyoona. Kwenye maombi sema ukweli: "Nilitembelea ujenzi wa nyumba ya jirani nikachora." Usiite ajira. Msomaji anaijua tofauti, na uongo mdogo wa aina hiyo unaharibu hata kazi nzuri iliyo ukurasa unaofuata.

Jengo la umma nalo lichague moja tu. Kwa aliye Dar, napenda Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lile lililoungua Julai 2021. Simama utazame miavuli yake ya zege. Maji ya mvua yanakwenda wapi? Hewa inapita wapi watu wakijaa? Kurasa mbili za michoro yenye maswali kama hayo zina thamani kuliko orodha ya majina ya wasanifu maarufu wa Ulaya.

Kuhusu zile picha za kompyuta zenye magari ya kifahari na bwawa la kuogelea: ziache. Nyingi zinafanana, na hazinionyeshi unavyofikiri. Modeli ya maboksi iliyokatwa kwa wembe, ukaiweka juani na kuipiga picha nyakati tatu tofauti za siku, inaniambia mengi zaidi na gharama yake ni gundi tu. Picha za michoro zipige mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, na uzingatie idadi ya kurasa na ukubwa wa faili ambao chuo kimeutaja.

Michoro iliyokosewa usiichane. Weka angalau ukurasa mmoja unaoonyesha wazo lilivyobadilika, kwa sababu ukiitwa kwenye usaili, huo ndio ukurasa ninaoufungua kwanza nikikuuliza: "Hapa uliacha wazo la mwanzo. Kwa nini?"