Epsiloni ndogo si sifuri, jamani

Jana tena. Mwanafunzi kaniletea mfumo wa van der Pol, milinganyo ya mtetemo unaojirudia, ε ikiwa namba ndogo chanya: εx′ = y − x³/3 + x, y′ = −x. Mstari wa pili: "Kwa kuwa ε ni ndogo, tuchukue ε = 0." Wino wangu mwekundu unaishia kwenye sentensi hiyo.

Haya, tuchukue. Unabaki na mkunjo y = x³/3 − x. Unautambaa kutoka x = 2, ukifika x = 1 njia imekwisha, unaruka hadi x = −2, na upande wa pili hivyo hivyo. Mzunguko mzima: 3 − 2 ln 2, kama 1.61. Sasa iachie kompyuta ikokotoe kwa ε = 0.01. Inatoa 1.91. Umepuuza sehemu moja ya mia, ukakosea kwa zaidi ya asilimia 15!

Kosa liko pale konani, mkunjo unapogeuka, x = 1. Kasi ya kuvutwa kwenye mkunjo inategemea x² − 1, na hapo ni sifuri. Kigeu x, ambacho kwa ε ndogo ulikiita "cha haraka" kinaanza kuzubaa. Ndiyo maana sahihisho linakwenda na ε^(2/3), tena likizidishwa kwa kama 7. Teoremu ya Fenichel ya 1979, kwamba kwa ε ndogo njia halisi inabaki karibu na mkunjo, inakulinda ukiwa mbali na kona. Ukifika konani, uko peke yako.

Hapo ndipo topolojia inaponifaa. Nachora pete nene kuzunguka njia ile yenye miruko, nakagua mpaka tu: mishale ya mwendo yote inaingia ndani? Basi kipande kinachokata pete kinarudi ndani yake chenyewe, Brouwer anamaliza kazi: kwa teoremu yake lazima nukta fulani irudi pale pale, na huo ndio mzunguko. Kona izubae itakavyo. Mishale mingine ikitoka, mwite Conley na faharisi yake, inayozingatia pia pale mishale inapotoka.

Ila pete inasema mzunguko upo; haisemi ni mmoja. Na ule msemo "ε ikiwa ndogo vya kutosha", ndogo kiasi gani? Nimeuandika mwenyewe mara nyingi, nikiomba asitokee wa kuuliza.

Halafu kuna bata (canard), ndivyo Wafaransa walivyoziita njia fulani za ajabu. Weka y′ = a − x, ε ile ile, a karibu na 0.9987. Njia inapita kona na kung'ang'ania tawi linaloisukuma. Gusa tarakimu za mbali za a, mzunguko mdogo unafura ghafla kuwa mkubwa. Pete yangu hapo haina kazi.