Nesi, si alishamaliza?

Swali hili naulizwa karibu kila siku ya kliniki. Mtoto ana mwaka na nusu, ameletwa kwa ajili ya kikohozi tu, na wakati mama anaeleza, yeye yuko chini anavuta kamba ya mzani. Nafungua kadi: nafasi ya chanjo ya pili ya surua rubela iko tupu. Mama anashangaa kwelikweli. Mtoto alipochomwa ile ya miezi 9, jirani alimwambia, "Haya, mmepumzika na sindano."

Simlaumu. Ratiba yetu hapa Tanzania inambana mzazi mwanzoni, kisha inamwachia. Mtoto akizaliwa anapata BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anachomwa mapajani mpaka akiona sare tu analia. Halafu kimya hadi miezi 9, na baada ya hapo kimya kingine cha miezi 9. Mama keshairudia biashara yake, kadi iko chini ya godoro.

Kwanza, kwa nini miezi 9 na si mitatu? Mtoto huzaliwa na kinga ya kuazima, aliyopewa na mama kupitia kondo la nyuma. Inamsaidia, lakini ndiyo hiyo hiyo inayoivuruga chanjo: ukimchanja mapema, kinga ya mama inaviua virusi dhaifu vya kwenye chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Ukisubiri sana, surua inamkuta kinga ya mama imekwisha. Miezi 9 ni suluhu kati ya hatari hizo mbili, na kama suluhu zote ina upungufu wake. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa umri huo, kama 85 hivi ndio wanaopata kinga. Hao 15 waliobaki hawana alama usoni. Kadi zao zimegongwa muhuri kama za wenzao.

Kwa hiyo sindano ya miezi 18 si ya "kuongezea nguvu", kama tunavyozoea kusema hata sisi wenyewe kliniki. Inawatafuta hao 15. Na si wachache: mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Ndiyo maana tunahangaikia kuwafikia watoto 95 kati ya 100 kwa dozi zote mbili.

Wazee wetu waliona surua kama ada ya utoto. Ikishapita, mtoto amekomaa. Ukweli ni kinyume. Watafiti waliwapima watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, na mwaka 2019 wakaeleza walichokiona: kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine zilipungua kwa asilimia 11 hadi 73. Mwili ulisahau maradhi uliyokwisha kuyashinda. Ndiyo sababu mtoto anapona vipele, kisha baada ya miezi miwili analazwa kwa kichomi, na hakuna nyumbani anayekumbuka surua.

Chakula kinaingia hapa hapa. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili, moja likapewa vitamini A. Matokeo yalichapishwa 1987. Kwa wale wa chini ya miaka 2, aliyekufa alikuwa 1 kati ya 46 waliopewa, na 7 kati ya 42 ambao hawakupewa. Kile kidonge chekundu tunachokikata ncha kwa mkasi Juni na Desemba na kukikamulia mdomoni, basi, si peremende ya serikali. Nyumbani vitamini hiyo iko kwenye maini, papai, viazi lishe, matembele na mchicha, ila mboga za majani zitiwe mafuta kidogo, la sivyo nyingi yake inapita tu.

Nina ugomvi na unga wa lishe wa aina nane. Mama anachanganya mahindi, mchele, ulezi, ngano, karanga, soya mbichi na vinginevyo, anasaga vyote pamoja, halafu anapika uji unaotiririka kama chai. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa kwanza inazuia protini isimeng'enywe. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji ya moto yenye rangi, limejaa. Nafaka moja, karanga au dagaa wa kusaga, na uji mzito unaoshika kijikoni vinatosha.

Na sisi tuna makosa yetu. Chupa ya surua rubela niliyoizoea ina dozi 10, ni ya unga, na ukishauchanganya na maji yake una saa 6 tu, kisha unaumwaga. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, tulikuwa tukiona mtoto mmoja tunamwambia mama arudi Jumanne, wafike wengi. Niliwarudisha wengi kwa mdomo wangu huu. Jumanne wengine hawakurudi.

Yule wa kamba ya mzani alikuwa peke yake wa chanjo hiyo siku ile. Kikohozi chepesi hakizuii chanjo, nikafungua chupa. Saa kumi jioni nilimwaga dozi tisa.