Kwa nini wewe uone uigizaji bora pale pale rafiki yako anapoona kelele tupu?

Mmoja anasema hajawahi kuona mtu akiigiza vizuri namna ile. Mwenzake anashika kichwa: "Yule? Si alitia chumvi mwanzo mpaka mwisho!" Filamu ni hiyo hiyo, mwigizaji ni yule yule. Imekuwaje?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: mmoja wao hakuangalia vizuri. Niliamini hisia zipo usoni mwa mwigizaji, zimekamilika, kama maji ndani ya glasi. Mwenye jicho anaziona, asiye nalo zinampita. Ndiyo maana katika mabishano nilikuwa narudisha kipande kile kile nyuma na kusema, "Tazama macho yake hapa," nikiamini rafiki akikiona mara ya pili atakubali. Hakukubali hata mmoja.

Kama lingekuwa suala la jicho, basi watu wa sinema wenyewe wangeafikiana. Marekani kuna Oscar, inayotuza kazi bora, na kuna Razzie, zilizoanza 1981 kutaja kazi mbovu. Waigizaji watatu wameteuliwa kuwania zote mbili kwa uhusika ule ule: James Coco katika Only When I Laugh ya 1981, Amy Irving katika Yentl ya 1983, na Glenn Close katika Hillbilly Elegy ya 2020. Hakuna kati yao aliyeshinda, si huku wala kule. Uhusika mmoja ukapimwa kuwa miongoni mwa bora za mwaka na miongoni mwa mbovu za mwaka! Nilipolijua hili, nadharia yangu ya jicho iliniponyoka.

Ufafanuzi ulionishawishi una umri wa karne moja. Miaka michache baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia usioonyesha kitu, akaubandika baada ya picha ya bakuli la supu, kisha baada ya maiti ndani ya jeneza, kisha baada ya picha ya tatu. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana: jinsi alivyoitamani supu, jinsi alivyomlilia marehemu. Uso ulikuwa ule ule.

Chukua neno "paa". Liandike peke yake kwenye karatasi, umpe mtu. Ni paa la nyumba? Ni paa wa porini? Au anaagizwa ampae samaki magamba? Tanguliza maneno "mbwa anamfukuza", msomaji anaona miguu myembamba ikikimbia. Tanguliza "mvua inapiga juu ya", anasikia mabati. Herufi hazikuguswa. Na kinachonivutia zaidi ni kwamba msomaji hahisi kama amechagua chochote. Ataapa maana ilikuwa mle ndani ya neno tangu mwanzo. Uso wa mwigizaji ni "paa". Na sentensi inayoutangulia haiandikwi na mhariri wa filamu peke yake. Sehemu yake mtazamaji anakuja nayo: filamu za nyuma za mwigizaji huyo, riwaya aliyoisoma, tangazo lililomwahidi vichekesho, mtu wa karibu aliyewahi kumwona akilia vile.

Jaribio lenyewe lazima lisimuliwe kwa tahadhari. Wasimulizi wanatofautiana kuhusu ile picha ya tatu: wengine wanataja mtoto akicheza, wengine mwanamke mrembo. Watafiti Stephen Prince na Wayne Hensley walipojaribu kulirudia mwaka 1992 hawakuipata athari hiyo, ilhali utafiti wa 2006 uliotumia picha za ubongo uliipata. Tena jaribio lilihusu uso uliotulia. Kulipeleka hadi kwenye uso unaopiga mayowe ni hatua yangu mwenyewe, nami naichukua kwa sababu ya mwigizaji Shelley Duvall.

Katika filamu ya kutisha The Shining ya 1980, anapanda ngazi kinyumenyume, gongo la besiboli mkononi, analia, huku mumewe wa kwenye filamu, anayeigizwa na Jack Nicholson, akimfuata hatua kwa hatua. Gongo analizungusha hewani kilegevu. Mtazamaji mmoja anasema: hata kulishika hajui. Mwingine anasema: hivyo ndivyo anavyoshika gongo mtu asiyetaka kumpiga mumewe. Razzie za kwanza kabisa zilimteua miongoni mwa waigizaji wabovu wa mwaka. Mwaka 2022 waandaaji waliufuta uteuzi huo, wakisema uigizaji wake uliathiriwa na jinsi mwongozaji Stanley Kubrick alivyomtendea wakati wa kurekodi. Ngazi ni zile zile, na mayowe ni yale yale. Kilichobadilika ni yale ambayo watu walikuwa wameyajua kabla ya kuutazama uso wake.

Siku hizi sirudishi kipande nyuma. Rafiki yangu asiyemkubali Duvall nilimuuliza alikuwa anasubiri nini kabla hajatokea. Kumbe alianza na riwaya iliyozaa filamu hiyo, ya Stephen King, ambaye mwenyewe amelalamika hadharani kwamba mke yule wa kwenye filamu siye aliyemwandika. Rafiki yangu alikaa saa mbili na zaidi akimsubiri mwanamke wa kitabuni, na hakutokea.