Nyamapori ya Kuunga kwa Karanga: Anzia Buchani na Sokoni, Ndipo Uwashe Jiko

Swala, nyumbu na nyati wana nyama nzuri yenye protini nyingi, lakini mafuta yake ni haba. Ukiipika kama ya ng'ombe wa kunenepeshwa, hukauka na kuwa ya kamba. Karanga, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, huipa kile ilichokosa. Wapishi wa Ghana wanalijua hilo siku nyingi: mchuzi wao wa karanga, nkatenkwan, huupika hata kwa nyama ya ndezi. Kwetu Dodoma, Singida na Tabora tumezoea kuunga mboga za majani kwa karanga, na nyama nayo hukubali vizuri.

Hata hivyo, kila ninapoulizwa jinsi ya kupika chakula hiki, naanza na ununuzi. Hatari mbili kubwa zinazoweza kuingia katika sufuria hii haziondoki kwa kuchemsha.

Ya kwanza ni kimeta, ugonjwa wa bakteria unaowapata wanyama na watu. Spora zake, yaani bakteria hao wakiwa ndani ya ganda gumu, hustahimili moto wa kawaida wa jikoni, na kukausha au kubanika nyama hakuziui. Tena si mlaji tu anayeumia. Anayechuna na kukatakata mzoga anaweza kupata kidonda cheusi cha ngozi kabla nyama haijafika jikoni. Mnyama aliyekutwa amekufa porini ni kibudu. Asipasuliwe, asiguswe, na afisa mifugo au afisa wanyamapori aarifiwe mara moja. Narudia hili kila mwaka na nitaendelea kulirudia, maana bado kuna watu wanaoona mzoga kama bahati.

Kwa Tanzania, kanuni za mwaka 2020 ziliweka utaratibu wa mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nunua huko, dai risiti na uitunze. Nyama inayopitishwa mlangoni usiku haijakaguliwa na mtu yeyote, na kukutwa nayo bila kibali kunaweza kukufikisha gerezani kwa miaka mingi. Msomaji wa Kenya ajue kwamba kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na biashara ya nyamapori hairuhusiwi. Atumie mbuzi au kuku, mchuzi utatoka vizuri.

Hatari ya pili ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na kuvu hao hao huota kwenye karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hii huharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kukaanga hupunguza sehemu tu. Kwa hiyo nunua karanga nzima, si zilizokwisha kusagwa, kwa sababu kinu huficha kila kitu. Zimwage kwenye ungo, ukae nazo mahali penye mwanga, utoe zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu au zilizogeuka rangi. Ulizozitoa usiwape kuku: sumu hupita hadi kwenye mayai.

Sasa tupike. Kwa kilo moja ya nyama, gramu 250 za karanga zinatosha. Osha mikono, kisu na ubao baada ya kukata nyama mbichi. Mnyama akiwa wa risasi, ondoa kwa ukarimu nyama inayozunguka jeraha, kwani huwa na chembe za risasi. Chemsha kwa moto mdogo pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu hadi ilainike. Swala huchukua kama saa moja na nusu, nyati hata tatu. Ngiri aive kabisa, pasibaki wekundu ndani, kwa sababu ya minyoo ya trichinela.

Wakati huo kaanga karanga kavu kwa moto wa wastani, zipete maganda, kisha twanga au saga. Kaanga vitunguu na nyanya mpaka nyanya ziive, tia nyama na supu yake. Karanga zikoroge kwanza kwenye bakuli kwa supu ya moto, ndipo umimine. Ukizitupa kavu hufanya mabonge. Punguza moto na usiache mwiko, kwani karanga hushika chini upesi. Dakika 20 hivi, mafuta yakianza kuelea juu, kamulia ndimu na uepue. Ugali wa mtama unaufaa mchuzi huu kuliko wali, kwa maoni yangu.

Kabla ya kupakua, waambie wageni kuwa ndani mna karanga. Mwenye mzio anaweza kuvimba koo na kukosa pumzi kwa kijiko kimoja. Hilo likitokea, mkimbize hospitali bila kusubiri. Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho kichemke upya hadi kitokote.