Ukitaka kufufua gari kuukuu lisilokunywa mafuta, anza na bodi

Tangu Oktoba 2023, petroli ilipogonga shilingi 217 na senti 36 kwa lita hapa Nairobi, ombi ninalolisikia zaidi gereji ni hili: "Fundi, nitafutie kigari cha zamani nikitengeneze, kinisaidie mafuta." Mara nyingi mwenye kuomba keshaliona gari analolitaka, na kilichomvutia ni injini. Inanguruma vizuri, anasema. Mimi humwambia injini tutaitazama mwisho. Injini ya Toyota Starlet utaibeba kwa mkokoteni kutoka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road siku utakayoihitaji. Bodi iliyooza na logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, yenye jina la marehemu havina duka.

Magari yenyewe si mengi. Kuna Starlet EP82 iliyotoka 1989, na EP91 iliyoifuata hadi Toyota ilipoacha kuziunda 1999. Kuna Corolla 100 na 110, Nissan Sunny B13 na B14, March K11, na Vitz ya kwanza iliyorithi nafasi ya Starlet. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo hakuna Starlet nyingine itakayoshuka bandari ya Kilindini. Tulizonazo ndizo hizi tunazopishana nazo kila siku, nyingi zikiwa na namba inayoanza na KA. Kwangu mimi ya kwanza ni Starlet yenye injini ya 4E-FE, ya cc 1,331. Ni nyepesi, vipuri vyake kila fundi anavijua, na ikiwa nzima inakupa kilomita 14 hadi 16 kwa lita ukichanganya mjini na barabara kuu.

Ninachokataa ni D-4. Hizi ni injini za Toyota za akina Opa, Nadia na baadhi ya Premio za mwanzo wa miaka ya 2000, ambazo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Kwenye karatasi zinabana mafuta kweli. Lakini pampu yake ya presha haivumilii mafuta machafu, nasi tumetoka kwenye miaka ambayo petroli ilichanganywa na mafuta ya taa hadi Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kuuzima mchezo huo. Gari ambalo limepitia kipindi hicho chote sitaki kulirithi.

Haya, bodi. Beba sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji, uifunge kwa kitambaa laini isichubue rangi. Ipitishe polepole chini ya milango, ule ukingo unaokanyagwa watu wakipanda, kisha kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma. Ikishika, hapo pana bati. Ikiteleza na kukudondokea mkononi, hapo pana filla iliyopakwa kuziba shimo, na rangi mpya juu yake. Fungua buti, inua zulia, toa tairi la akiba, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Fungua boneti utazame pale springi za mbele zinapofungiwa kwenye bodi, pande zote mbili. Hapo kutu ikishaingia mimi hufunga boneti na kuomba nauli ya kurudi, kwa sababu gari zima limening'inia pale. Magari yaliyokaa Pwani hula chumvi ya bahari, na mengine yalikuja na kutu kutoka sehemu za Japani ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha theluji. Muuzaji akikwambia lilikuwa la mama anayeendea kanisani tu, mwitikie kwa heshima, uendelee na sumaku yako.

Boneti ikiwa bado wazi, soma namba ya chesisi. Kwenye Starlet imegongwa kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na dashibodi. Tazama kama kuna alama ya kuchomelewa kuizunguka, au kama tarakimu zimepinda mstari. Kisha ilinganishe na logibuku.

Logibuku ina mtego wake. Magari ya umri huu yameuzwa mara nyingi kwa kupeana fomu zilizotiwa sahihi, bila jina kubadilishwa. Siku hizi uhamisho unafanyika kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali: mwenye jina ndiye anayeuanzisha kwa akaunti yake, wewe unaupokea kwa yako. Basi mtu aliyeliuza gari miaka kumi iliyopita, akahamia Eldoret au akafariki, ndiye mwenye ufunguo wa ununuzi wako. Fanya upekuzi wa namba ya gari kwanza, ujue jina ni la nani, na hela zisitoke mfukoni kabla mwenye jina hajapatikana. Namba ya injini isipolingana usishtuke. Injini nyingi hapa zimeshabadilishwa. Muulize muuzaji risiti na karatasi za forodha za injini iliyofungwa, kwa maana NTSA watazitaka ukienda kusahihisha. Hana? Punguza bei au ondoka.

Ndipo tunafika kwenye injini. Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa na joto, kuna jambo alilotaka kulimaliza kabla hujalisikia. Moshi wa bluu injini inapowaka kisha ukapotea ni sili za valvu zilizochoka. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni. Moshi mweupe usioisha, pamoja na rejeta inayopungua maji, elekeza macho kwenye hedi gasketi, ule muhuri kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Pima na presha ya silinda, ila ujue kitu kimoja: vitabu vya ufundi vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu, hewa ni nyepesi, na geji itasoma karibu moja ya tano chini ya kilichoandikwa. Nimeona watu wakiuziwa matengenezo ya injini nzima kwa sababu hiyo tu. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Mwinuko huo huo ndio unaonifanya nikwepe kabureta, kile kifaa cha injini za zamani kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari haijui kwamba hewa imepungua, inaendelea kumwaga petroli ile ile. Starlet ya EFI, yaani ile ambayo kompyuta ndiyo inayoongoza upulizaji wa petroli, ina sensa inayopima presha ya hewa, na kompyuta inapunguza petroli yenyewe.

Sasa, kwa nini injini nzima ya EFI bado inakunywa? Hapa Nairobi mshukiwa wangu wa kwanza ni thamostati, kwa sababu mara nyingi haipo. Gari lilichemka siku moja kwenye foleni, fundi akaitoa ili mwenye gari afike nyumbani, na hakuna aliyeirudisha. Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, karibu nyuzi 82. Isipokuwepo, injini inabaki na ubaridi, na kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari limewashwa, kwa hiyo inaongeza petroli safari nzima. Utaijua kwa mshale wa joto. Endesha Waiyaki Way asubuhi ya Julai yenye baridi: kwenye gari zima mshale hupanda hadi karibu na katikati ukatulia. Lisilo na thamostati, mshale unajikokota, na ukishika kasi unashuka tena.

Ukiirudisha, badilisha na kifuniko cha rejeta. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha inayoshikiliwa na kile kifuniko. Mpira wake ukikakamaa, gari litachemka tena kwenye foleni, na fundi mwingine atakuja na spana kuitoa thamostati yako.

Plagi, kisafisha hewa, mkanda wa taimingi na sensa ya oksijeni unavijua au fundi wako anavijua. Mkanda ubadilishe siku ya kwanza, hata uambiwe ni mpya. Rangi iache kabisa hadi mwisho.

Mtu wa Rongai anayekuja mjini hutembea kama kilomita 40 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 880. Gari la kilomita 10 kwa lita litakula lita 88, la kilomita 16 lita 55. Tuseme lita ni shilingi 180: hiyo tofauti ni shilingi 5,940 kila mwezi, na gari ni lile lile, kabla na baada ya kutengenezwa.

Pima mwenyewe, usiulize dashibodi. Jaza tangi mpaka pampu ikate, andika kilomita, tembea wiki nzima, rudi kituo kile kile ujaze tena, kisha gawanya kilomita kwa lita. Ukipata chini ya 12, pandisha gari kwa jeki kabla ya kugusa injini na uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Linalogoma kuzunguka lina breki iliyokwama.